Grusha wa Ayany

Sebuleni, mtaani Ayany jijini Nairobi, kijana wa tuisheni anaichambua The Caucasian Chalk Circle, tamthilia ya Bertolt Brecht ya 1944 iliyowahi kutahiniwa katika mtihani wa KCSE. Anamsulubu Natella, mke wa gavana: ghasia zimezuka, yeye anahangaikia magauni hadi anamsahau mwanawe! Grusha, mtumishi wa jikoni aliyemwokoa mtoto, anamwagiwa sifa: shujaa wa walalahoi. Mwalimu anampa kijana 18 kwa 20. Nyuma yao dada wa kazi, aliyetoka kwake mtaa wa mabanda wa Gatwekera alfajiri, anambembeleza kitindamimba mgongoni huku akikoroga uji. Mama mwenye nyumba yuko soko la Toi, anachagua magauni. Mshahara wa mwezi uliopita? Dada avumilie kidogo. Kwanza alipwe mwalimu wa fasihi.