Bamia Tatu na Ndala Iliyokatika

Ewe mzazi wa "usiguse hapo", mwongozo huu wa kupiga chapa ni wako. Siku mvua inaponyesha na watoto wanaparamia makochi, chukua bamia tatu kabla hazijaingia sufuriani. Chagua zile zilizokomaa hadi mchuuzi akazikatia tamaa, maana changa hupondeka zikibonyezwa. Kata moja kwa upana uitazame: ua la pembe tano, limekwisha kuchongwa, wala hudaiwi hela ya fundi.

Rangi ni uji mzito wa unga wa ngano uliopoa, ukatiwa rangi ya chakula. Bizari ya manjano nayo inafaa, ila haitoki kwenye nguo, kwa hiyo mvishe mtoto ile fulana ya kampeni. Usimwache achovye bamia kwenye bakuli, atapata madoa matupu. Lowesha sponji ya vyombo kwa rangi, iweke kwenye sahani ya bati, agonge hapo kwanza, kisha kwenye karatasi. Abonyeze, ahesabu hadi tatu, ainue wima bila kuburuta. Chapa ya pili mara nyingi huwa safi kuliko ya kwanza.

Kiazi kinataka kisu, na kisu ni chako. Kigawe, kifute maji yake kwa kitambaa yasije yakaizimua rangi, mtoto achore kwa kalamu, nawe uchonge kandokando ya mchoro nusu sentimita kwenda chini. Kesho kitakuwa kimenywea. Ndala iliyokatika ndiyo ya kudumu: kata soli yake kwa mkasi, gundisha vipande juu ya kizibo cha soda, una muhuri wa miezi.

Sasa acheni maua ya ovyo ovyo, tengenezeni kanga. Ndiyo, kanga ya karatasi! Kabla ya mashine, mafundi wa mwambao wa Afrika Mashariki walipiga chapa nguo kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Mtoto wako anafanya kazi ileile. Bamia izunguke pande zote nne, hilo ni pindo. Kiazi kikae katikati, huo ni mji. Chini ya mji kuna jina, yaani maneno ya kanga, na hapo ndipo utakapoona sura ya mtoto ikibadilika. Akichora MAMA kwenye kiazi kama anavyoliandika daftarini, nawe ukachonga, karatasi itasema AMAM. Mwache ashangae. Usimwambie upesi. Akipeleka kiazi mbele ya kioo atagundua mwenyewe kwamba muhuri husomwa kinyume, na kwamba A na M hazigeuki sura, ila S na R zinampinga.

Karatasi hiyo ibandikwe sebuleni, mahali mgeni anapoiona kwanza, si nyuma ya mlango wa jikoni. Bamia iliyobaki bila rangi, pika.