Tezi Igombee Kiti

Hapa kwetu Kitengela maji ya bomba ni uvumi. Tunanunua kwa mtungi wa lita 20, na bei inategemea jua limewakaje na mwenye punda ameamkaje. Ukimwuliza mbona leo amepandisha, anamchapa punda, eti ndiye aliyeuliza. Ya kisima nayo yana chumvi, sabuni haitoi povu, na mtoto akiyanywa hapa Kajiado tangu utotoni, floraidi humpaka meno rangi ya kahawia.

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya mwili wangu kuna mamlaka ya maji inayofanya kazi. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku. Hiyo ni mitungi 9! Karibu yote hurudishwa kwenye damu, kinachotoka ni lita moja na nusu hivi. Na hakuna jirani aliyejiunganishia bomba usiku.

Anayetoa amri ni homoni iitwayo vasopresini, inayotengenezwa ubongoni na kuachiliwa na tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Nikichomwa na jua stejini Namanga Road nikingoja matatu, damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, ujumbe umeshafika kwenye figo: funga! Mkojo unapungua, kiu inanishika. Asilimia 1 au 2, jamani! Kwenye ploti yetu tangi sharti likauke kabisa ndipo mtunza ploti aanze kutafuta simu yake. Hata chumvi ina msimamizi wake, aldosteroni, kutoka tezi zilizokaa juu ya figo. Chumvi ikizidi, yeye hulegeza kamba ipite na mkojo.

Mamlaka hii inaharibiwa na pombe. Jirani yangu huteremsha nyama choma kwa bia Jumamosi, pombe inaibana vasopresini, figo zinafungulia kila kitu. Usiku kucha namsikia akienda msalani, na kila akienda anamwaga nusu ndoo ya maji tuliyochangia wote. Asubuhi kichwa kinamgonga, koo limekauka, anabisha kwangu.

"Jirani, huna kikombe cha maji?"

Nilimweleza mtunza ploti kwamba tezi ile ya pituitari ingefaa kuajiriwa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha kwamba bili ya maji ya mwezi jana sijalipa.