Fremu ni Yangu, Ruhusa ni ya Mzee

Hebu niambie jirani. Mtu kapiga rangi mwenyewe, kagonga shelfu mwenyewe, kachomelea geti mwenyewe. Hiyo fremu ya nani? Mimi nilijua yangu. Thubutu!

Nauza spea za pikipiki hapa Kariakoo. Biashara imelala fofofo. Nikasema basi, niachie mtu fremu, nirudi zangu Mbagala. Kodi nilishalipa mwaka mzima, miezi bado ipo kibao. Akaja dogo mmoja wa vipodozi, hela anayo mkononi, tukaelewana kilemba. Na mimi wakati naingia si nilitoa kilemba? Nilitoa! Dalali naye akala mwezi wake. Sasa zamu yangu kula, mambo yanaharibika.

Dogo akauliza, "Kaka, mkataba unasemaje?" Mkataba? Nani anasoma mkataba? Upo kwenye droo, umelowa oili. Akausoma yeye, kwa sauti, mbele ya wateja. Mpangaji haruhusiwi kuhamisha upangaji wala kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Chini yake sahihi yangu, kubwa, ina mkia kama kishada.

Nikaenda kwa mzee mwenye nyumba. Shikamoo. Marahaba, keti. Nikapewa kigoda cha mjukuu wake, magoti yanagusa kidevu. Mzee hakukataa, ndiyo maudhi yenyewe. "Mlete tu mwanangu. Ila kilemba kije kwangu, na yeye aanze na kodi mpya." Na miezi yangu je? Akaagiza niletewe chai.

Kuna kijana wa jirani anasoma sheria, ndevu hata hazijaota. Eti Sheria ya Ardhi ya 1999 inanitaka mimi niombe ruhusa, lakini na mzee hatakiwi kuninyima bila sababu ya maana. Nikaruka! Kwa hiyo? "Kwa hiyo anko, akigoma unampeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya." Baraza! Mawakili, tarehe, njoo kesho. Dogo wa vipodozi anataka kufungua kabla ya Idd, atanisubiri mimi?

Hakunisubiri. Kapata mtaa wa pili, na jana kapita hapa kuazima nyundo ya kugongea shelfu. Nikampa.

Ukisikia mtu anatafuta fremu, mlete. Ila aanzie kwa mzee, atoke na karatasi yenye sahihi, ndiyo tuongee hela.