Joto Halimjui Mkwe

Safu ya adabu na ushauri: toleo la kaskazi

Wakati wa kusi wasomaji huniuliza kuhusu mahari, mipaka ya shamba na kuku wa jirani wasiofungwa. Kaskazi ikishika, yaani Januari hadi mvua za masika zitakapotukumbuka, barua zote hugeuka kuwa swali moja: nivue kiasi gani? Mwaka huu nyingi zimetoka Tezo, Kilifi. Siwashangai. Tezo iko mbali kidogo na ufuo, na upepo wa bahari huwafikia ukiwa umeshachoka.

*Bi Mshauri, shikamoo. Nina mke mmoja na nyumba ya vyumba viwili. Mamamkwe amekuja kutoka Ganze kuuguza goti, na hii ni wiki yake ya tatu. Mimi nikiwa nyumbani hufunga kikoi tu, kifua wazi, na sijawahi kuulizwa. Juzi nilitoka bafuni na taulo, tukakutana uso kwa uso mlangoni pa jikoni. Alijifunika leso, akarudi chumbani, na chakula cha usiku akalia humo humo. Mke wangu hanisemeshi. Nifanyeje? – Kifua Wazi, Tezo*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kifua tuzungumze kuhusu paa. Hukuniandikia, lakini naweka dau kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya makuti, ukayang'oa ukaezeka mabati ili majirani waone umepiga hatua. Sasa kuanzia saa nne asubuhi unaishi ndani ya tanuri, na gharama unataka ailipe mama wa watu kwa kutazama mbavu zako.

Huku kwetu mkwe hakutani na mkwe bila ilani. Wazee walikuwa na kikohozi maalumu kwa kazi hiyo. Mwanamume akielekea jikoni alikohoa tangu mwembeni, na aliyekuwa jikoni akapata muda wa kujitengeneza au kuondoka. Kikohozi hicho hakikuwa cha ugonjwa na hakuna aliyekitibu. Kirudishe.

Pili, piga msumari nyuma ya mlango, utundike shati la pamba la mikono mifupi, lililopwaya. Hilo ni shati la mkwe na halina kazi nyingine. Usitundike jezi ya mpira. Najua ndiyo uliyonayo karibu, lakini kitambaa kile hubana na kuganda mgongoni. Jasho halikupozi kwa kutoka, hukupoza linapokauka. Hewa yetu ya Machi imeshiba maji, haina haraka ya kulipokea jasho lako, kwa hiyo nguo inayofaa ni ile inayoacha upepo upite kati yake na ngozi. Ndiyo maana babu zako walikaa na kikoi na kanzu pana wala hawakuanguka barazani.

Kuhusu kuomba radhi: usiende. Ukimwomba radhi kwa maneno utakuwa umemwonyesha kifua mara ya pili. Mtume mkeo na doti ya leso na kilo mbili za sukari, na asiseme ni za nini. Mama atajua. Halafu jenga kibanda cha makuti chini ya mwembe, nguzo nne tu, ukae huko mchana na kikoi chako hadi goti la Ganze lipone.

*Hujambo Bi. Nasoma Chuo Kikuu cha Pwani na nimepanga chumba Tezo maana kodi za mjini Kilifi zimenishinda. Nilipanda matatu na kaptura na kitopu cha mikanda. Makanga akanipigia kelele nijifunike, eti garini mna watu wazima. Shati lake mwenyewe lilikuwa wazi hadi kitovuni. Nilinyamaza nikashuka. Nani alikosa adabu? – Mikanda*

Mmoja wenu alikosa adabu, naye ndiye aliyeshika mlango.

Nimeishi na kaskazi hii miaka mingi, na kanuni yake ni kwamba joto likizidi mwanamume hupunguza nguo na mwanamke huongeza leso. Fundi wa baiskeli hubaki na vesti, kisha bila vesti. Muuza madafu hufungua vifungo kimoja kimoja kadiri jua linavyopanda. Saa saba mchana baraza zima liko kifua wazi, nalo linajadili kaptura ya msichana aliyepita kununua unga. Sijamsikia hata mmoja akiambiwa garini mna watu wazima.

Hapa naacha mzaha kidogo. Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani jijini Nairobi na watu waliojipa kazi ya kulinda maadili. Tarehe 17 mwezi huo wanawake wengi, na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana jijini kupinga. Kabla mwaka haujaisha sheria ilibadilishwa: Kanuni ya Adhabu iliongezewa kifungu cha 251A, na anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Makanga wa njia ya Kilifi na Malindi wakariri namba hiyo kama wanavyokariri nauli. Kelele za garini ndiko mambo yale yalikoanzia.

Ushauri wangu kwako, mwanangu, ni ubebe leso mkobani. Si kwa ajili ya makanga yule. Viti vya matatu vya plastiki vilivyoanikwa stejini tangu asubuhi vitakutoa ngozi ya mapaja, na hapo utajuta peke yako. Pia ukishuka ukamkuta mzee wa kumwamkia, utajitanda ukitaka, kwa heshima unayoitoa mwenyewe bila kuamrishwa. Na makanga akirudia, mwambie kwa upole: "Anza wewe, kaka, vifungo vinne." Sauti isizidi hapo. Abiria watamalizia.

*Bi Mshauri, mimi ni mjukuu mwenye matatizo. Hawe yangu, yaani bibi, ni wa zamani kweli, nyumbani huvaa hando lake na shanga, na joto likizidi hutupa leso ya begani akakaa hivyo hivyo. Mchungaji anakuja Jumapili na wageni kutoka Mombasa. Nimemnunulia blauzi, ameifanya ya kushikia sufuria. Nimwambieje avae? – Mjukuu Mstaarabu, Tezo*

Mstaarabu mwenyewe. Nikuulize: hawe yako hakuiti mume wake tangu ungali mdogo? Basi mume gani huyu anayemwonea haya mkewe mbele ya wageni?

Hebu litazame hando kwa makini kabla ya kulinunulia blauzi. Ni kitambaa cheupe cha pamba, marinda juu ya marinda, limejaa nyongani hata anayetembea hujulikana kwa mbali kwa mwendo wa sketi yake. Mgiriama wa zamani aliweka adabu yake yote hapo. Kilichofichwa kwa bidii ni nyonga na mapaja. Kifua kilikuwa cha kunyonyeshea watoto, na hakuna aliyekigeuzia shingo. Hawe yako, kwa hesabu ya vazi lake, amevaa kamili. Pengine ni yeye anayekuonea huruma wewe na suruali yako iliyochanika magotini, akidhani mshahara haujafika.

Blauzi ilikuja na misheni na shule. Haina ubaya, lakini isijifanye ilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama na ngoma ya kifudu, akakusanya watu, akawaapisha wasitoe vijana wao wala kodi kwa Waingereza. Walimkamata, wakampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata akatoroka na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakarudi Pwani kwa miguu. Serikali ile ilimwogopa kwa kiapo chake na ulimi wake. Habari za nguo zake hazikuwanyima usingizi. Leo tunamwita shujaa, tunaweka jina lake kwenye bustani ya Malindi, kisha tunarudi nyumbani kumnunulia hawe blauzi.

Sasa la Jumapili. Wewe usimwambie kitu. Mwambie dada yako, au shangazi, akae naye jioni wakichambua kunde, amwambie kuna wageni na leso mpya ya begani itapendeza. Wazee wengi hujitanda leso wakienda kanisani au dukani. Wanajua mahali na mahali. Akikubali, vema. Akikataa, mwandalie kiti chenye kivuli na mchungaji aje amwamkie hapo alipo. Amesoma Mwanzo, anajua habari ilianza vipi.

La mwisho, na hapa sicheki: zima simu. Vijana wa siku hizi humwonea hawe haya mbele ya mchungaji, kisha humpiga picha na kumtuma kwa watu elfu moja wasiomjua. Ukitafuta ukosefu wa adabu katika boma lako, uanzie mfukoni mwako.

*Bi, mimi ni mwendesha bodaboda. Nilimbeba Mtaliano wa makamo kutoka ufuo wa Bofa. Alikuwa na chupi ya kuogelea, ndogo, na viatu. Akataka tupitie Tezo anunue maembe. Mama wa maembe alimhudumia huku akitazama juu ya mkorosho, chenji akampa kwa kukisia. Watu wote walisema "ciao, karibu". Dada yangu akipita hapo na kaptura hupigiwa miluzi. Ningemwambia mzee yule kitu? – Boda wa Stejini*

Ungemwambia, tena pale pale Bofa kabla hujawasha pikipiki. Vazi la kuogelea lina mpaka wake, na mpaka huo ni mchanga. Ukivuka lami ukaingia sokoni, wewe si mwogeleaji tena, ni mtu aliyesahau suruali.

Tunanyamaza kwa sababu tunadhani mgeni akiambiwa ataudhika aondoke na yuro zake. Kwao anaambiwa. Sorrento, mji wa pwani huko huko Italia, mwaka 2022 ulipiga marufuku kutembea barabarani na nguo za kuogelea, na faini yake inafika yuro 500. Mtaliano wako hawezi kudai amezaliwa bila habari hizi. Kule Kwale, Kaya Kinondo, mgeni akifika na kaptura hupewa kaniki ajifunge kabla ya kuingia msituni kwa mababu, na sijasikia aliyekataa. Wengi huomba kupigwa picha nayo.

Basi weka leso mbili chini ya kiti. Mgeni wa chupi akija, mfunge mwenyewe kiunoni, kwa tabasamu, useme ndiyo desturi, umwongezee shilingi 50 kwenye nauli. Mama wa maembe atapata kuhesabu chenji yake. Kuhusu dada yako na ile miluzi, umeona mwenyewe kwamba kilichotazamwa si urefu wa nguo. Siku moja geuza pikipiki urudi uwaulize wapiga miluzi kwa nini Mtaliano hawakumpigia.

Barua fupi sasa, maana karani wangu amelowa.

*Harusi yangu ni Machi. Nivae suti ya vipande vitatu?* – Unaoa au unatubu? Mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama Aprili 1498 akiwa na joho la thamani lenye satini ya kijani, ni kweli, lakini alikuwa na watu wa kumshikia mwavuli. Kama kamati yako ina bajeti ya mwavuli na wa kuushika, vaa. Kama haina, kanzu.

*Naweza kwenda ofisi ya chifu na kaptura?* – Inategemea unakwenda kuomba nini. Kuripoti mbuzi aliyepotea, ndiyo. Barua ya kitambulisho, vaa suruali, utaokoa safari ya pili.

*Ni vibaya kulala uani bila nguo wakati wa joto?* – Mimi sina neno. Zungumza na mbu.

*Bi Mshauri, salaam. Nina duka hapa Tezo. Nimechoshwa na wasichana wanaokuja na nguo za kulalia na kaptura fupi kununua mkate. Nataka kuandika ubao: "Huhudumiwi bila mavazi ya heshima." Nisaidie maneno. – Mwenye Duka*

Salaam, kaka. Maneno yako ni mazuri, ila "mavazi ya heshima" kila mtu atayasoma anavyotaka. Ubao mzuri hutaja vitu. Andika hivi: "Hakuna huduma kwa nguo za kulalia, kaptura fupi, taulo, vesti peke yake, kikoi bila shati, na kifua wazi." Herufi ziwe kubwa, rangi nyekundu, uangike juu ya kaunta mahali unapoonekana na wanaocheza bao barazani kwako.

Nakuonya tu uwe na chakula cha kukutosha wiki mbili ndani ya nyumba. Nilipita dukani kwako mwezi uliopita kununua kiberiti, nikahudumiwa na mwenye duka aliyejifunga kikoi, na juu yake hakukuwa na kitu ila kalamu nyuma ya sikio.