Shimo la Choo Mkwajuni

Mkwajuni huwezi kuchimba shimo likawa lako peke yako. Panda mgomba, utaulizwa udongo wa chini umetoka wa rangi gani. Zika paka wako nyuma ya nyumba, jioni utawakuta vijana wamechuchumaa wanachambua kifusi. Nimewahi kuwa kwenye maziko ya mtu mzima na heshima zake, jeneza limeshashushwa, mchungaji anasoma, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akaokota jiwe lililotoka kaburini, akalilamba, akaligeuza juani, akalitia mfukoni na kuitikia amina.

Msiseme ni tamaa. Ni malezi. Wazee wetu walikulia Lupa, ile nchi ya dhahabu ya Chunya iliyovuta watafutaji wa kila kabila na kila rangi tangu miaka ya 1920, na sisi tulikuwa Chunya hadi juzi juzi tulipokatwa tukawa wilaya ya Songwe. Hapo Saza palikuwa na mgodi mkubwa enzi za mkoloni. Ulifungwa miaka ya 1950, na wako watu wanaosimulia kufungwa kwake kwa uchungu mkubwa ingawa walikuwa hawajazaliwa. Mwaka 2012 mgodi wa New Luika nao ukaanza kutoa dhahabu ndani ya wilaya hii hii, na kila aliyekuwa ameanza kukata tamaa akaenda kununua moko mpya wa kuchimbia mwamba.

Ndipo mimi, mwalimu wa jiografia, nikaamua kuchimba choo.

Sababu ilikuwa magoti ya mama mkwe. Yeye anaishi Ileje, huko milimani, na alikuwa ametuma salamu kwamba baada ya mavuno atakuja kukaa nasi kwa muda. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa. Mke wangu alinieleza jambo hili usiku, taa imezimwa, kwa kuwa choo na mama mkwe ni vitu viwili ambavyo mkwe mwenye adabu havitaji pamoja mchana.

"Mama hawezi kuchuchumaa," akasema.

Nikasema nimeelewa.

"Kinatakiwa cha kukalia."

Nikasema nimeelewa, tulale.

Fundi wa shimo alikuwa kijana mwenye mgongo mpana, aliyefanya kazi kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kwa miaka mingi kabla ya kuacha, kwa maneno yake mwenyewe, baada ya kuokoka. Alianza vizuri. Kina cha mtu mmoja, kina cha mtu na nusu. Mchana niliporudi kutoka shule nikamkuta amekaa kivulini, sururu kailaza pembeni, uso wa mtu anayesubiri wazee wa ukoo waje wakae kikao.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekaa?"

"Tuongee kwanza."

Akafungua kiganja. Jiwe jeupe, lenye mistari ya kutu iliyopita katikati. Kwingine hilo ni jiwe. Kwetu ni habari. Dhahabu ya Lupa hupenda kujificha kwenye mikanda ya mwamba mweupe wa namna hiyo, na ile kutu ni mabaki ya madini ya chuma yaliyooza humo. Nawafundisha wanafunzi wangu mambo haya haya, kwa hiyo nisingeweza kujifanya sijui.

"Sasa unataka nini?"

"Mgawo. Hili siwezi kulichimba kwa bei ya choo."

Nikamweleza taratibu kwamba kwa Sheria ya Madini, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Kwamba kiwanja changu kinanipa haki ya kujenga juu, hakinipi kilichomo chini. Kwamba anayechimba madini bila leseni anavunja sheria, awe mwenye nyumba au fundi aliyeokoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Sawa mwalimu," akasema. "Basi Jamhuri ije imalizie shimo."

Kabla ya jua kuzama uwanja wangu ulikuwa umejaa. Bodaboda walipaki kwenye bustani ya mchicha. Mama lishe akaja na meza yake na sambusa, akatafuta mahali penye kivuli, maana yeye ameshaona rashi nyingi za dhahabu na anajua ikianza watu lazima wale. Jirani yangu wa upande wa mashariki, mzee ambaye hatukuwa tunasalimiana naye tangu kesi ya mbuzi wake, akavuka uzio na fimbo mkononi na kutangaza kwamba mkanda huo unaanzia kwake. Kwangu umepita tu. Akatuonyesha kwa fimbo unavyokwenda: chini ya jiko lake, chini ya uzio, chini ya kamba yetu ya nguo. Mke wangu akaninong'oneza kwamba ukiufuata mstari huo mpaka mwisho unafika baa.

Kijana mmoja mwenye karai akajitolea kuchukua sampo. Jiwe likatwangwa kwenye kinu cha chuma mpaka likawa unga, unga ukatiwa kwenye karai na maji, naye akaanza kulizungusha kwa viganja, akimwaga mchanga mwepesi kidogo kidogo ukingoni. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo vingine vinaondoka, yenyewe inabaki. Ulibaki mchanga mweusi, na nyuma yake kimkia cha njano, chembamba. Watu wakanyamaza. Hata mama lishe akaacha kukaanga.

"Inaweza kuwa ulanga," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Kijana akaitoa punje moja kwa ncha ya kisu, akaiweka juu ya chuma na kuigonga. Ulanga ungechanika vipande vipande, na yale mawe mengine yanayong'aa bure yangesagika kuwa unga. Punje ile ikalala, ikawa bapa. Shangwe zilizopigwa zilisikika mpaka msikitini.

Kwa hesabu yangu, dhahabu ile isingelipa hata sambusa zilizoliwa wakati wa kuisubiri. Nilijaribu kusema kwamba chembe za namna hiyo zimetapakaa karibu kila mahali katika udongo wetu, na kuziona si sawa na kuzipata. Mwalimu hasikilizwi punje ikishalala.

Tukafikia makubaliano: mawe yote meupe yatakayotoka ni ya fundi, ayabebe kwenye viroba ayapeleke kwenye karasha la kusagia mawe analolijua, shimo ni langu, na sitamlipa hela. Sijapata kuona mtu anachimba choo kwa bidii ile. Nilipotosheka na kina, yeye hakutosheka. Ilibidi nimwombe apande juu, halafu nimsihi, halafu mke wangu atishie kuondoa ngazi. Leo nina choo chenye kina ambacho familia yangu haitakijaza hata wajukuu wakisaidia.

Sinki nililiagiza Tunduma, pale mpakani na Zambia, ambako kitu ukikikosa ujue hakijatengenezwa. La kukalia, jeupe, la kumwagia maji kwa ndoo. Mwenye duka akalifunga kwa maboksi, akaandika jina langu, namba ya simu, na chini yake kwa kalamu nene: SONGWE. Kesho yake nikapigiwa simu.

"Mzigo wako upo Songwe, njoo uchukue."

"Nami nipo Songwe."

"Songwe ipi?"

"Wilayani. Mkwajuni."

"Mkwajuni ya Kinondoni?"

"Ndugu yangu, hiyo ni Dar es Salaam."

"Basi ya Unguja."

Simlaumu. Uwanja wa Ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Kiwanda cha saruji cha Songwe nacho kiko mkoa wa Mbeya. Upo mto Songwe unaotutenganisha na Malawi, na upo mto Songwe mwingine unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa. Mkoa wa Songwe, tangu ulipozaliwa mwaka 2016, makao yake makuu ni Vwawa, na sisi wa wilaya ya Songwe tukienda Vwawa kwa njia tuliyoizoea tunatoka kwanza nje ya mkoa, tunapita Mbalizi, kisha tunaingia tena mkoani kwetu tukiwa wageni. Sinki langu lilikuwa limeteremshwa Songwe ya Mbeya, karibu na uwanja wa ndege, labda lisafiri zaidi.

Nikalifuata. Mtu wa Mkwajuni anayekwenda Mbalizi utamtambua kwa sweta aliloliweka mapajani, huku jasho linamtoka, akisubiri kupanda mlima alivae. Mimi sweta nililisahau, kwa hiyo nililipokea sinki nikitetemeka na kulikumbatia kwa mapenzi ambayo wapakiaji mizigo waliyaelewa vibaya.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Kondakta wa Coaster hakutaka liwekwe juu ya bodi, akasema likipasuka nitamsumbua. Nikalipia mzigo, likawekwa kwenye ujia, nami nikakaa pembeni nikilishika. Maboksi yalikuwa yameshachanika na kila aliyepanda alijua ni nini. Gari likajaa. Kisha likajaa tena. Palipopatikana abiria wengine barabarani, kondakta akalitazama sinki, akawatazama wale abiria, nikaiona hesabu ikipita usoni mwake.

"Mama, pita ndani, siti ipo."

Mama mmoja mwenye jogoo akatandika kitenge juu ya sinki langu, akakaa, akamshukuru Mungu kwa kukosa kusimama, na akalipa nauli nzima. Aliposhuka Galula akakaa mwanafunzi. Naye akalipa, ya mwanafunzi. Nikamwita kondakta nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kama kuna mapato, basi tugawane.

"Mwalimu, wewe umelipia mzigo," akanijibu. "Siti ni ya gari."

Yule mwanafunzi, ambaye namfundisha, aliniambia shikamoo bila kuinuka.

Tukajenga. Ukuta wa tofali za kuchoma, bomba la kutolea hewa, mlango wenye komeo. Bwana afya alipopita na daftari lake la ile kampeni ya Nyumba ni Choo, aliingia, akatoka, akagonga bomba, akasifu usafi wa sakafu, akaandika. Akafunga daftari. Akatazama huku na huku, akanisogelea.

"Hapa mlipata pointi ngapi za dhahabu?"

Mama mkwe akaja na vikapu vyake vya maharage. Choo alikipenda. Taarifa ilinifikia kwa njia ya kawaida, yaani kupitia mke wangu, usiku, taa imezimwa. Alisema ni kirefu, kina hewa, mtu anakaa bila wasiwasi, na akaanza kukiendea kwa mapumziko, hata asipokuwa na haja, akichambulia maharage humo mlango ukiwa wazi. Mke wangu akanisifu. Nilikuwa nimeanza kufikiria kupaka rangi.

Ikawa asubuhi moja, nasahihisha madaftari barazani, nikasikia komeo limevutwa kwa nguvu. Mama mkwe akatoka, akafunga kitenge chake vizuri, akampita binti yake aliyesimama jikoni, akaja mpaka mbele yangu. Tangu nioe, mwanamke huyu hajawahi kuniambia jambo bila mtu wa katikati.

"Baba," akasema, "huko chini kuna watu."

Tukaenda sote watatu. Tukainamisha vichwa. Ko, ko, ko. Kimya kidogo. Ko, ko. Moko kwenye mwamba, na mtu anakohoa.

Nikavuka uzio. Mzee wa mashariki alinipokea vizuri mno, akaagiza kiti, akaagiza chai. Hakukana. Duara lilianzia jikoni kwake, pale pale alipokuwa ameonyesha kwa fimbo, na vijana walikuwa wanaufuata mkanda polepole kwa ubavu, matimba yamewekwa, kila kitu kwa utaalamu. Nikataja leseni. Akasema inashughulikiwa. Nikataja hatari ya shimo langu kuangukia lake, na vitu vitakavyoanguka nalo. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hilo ndilo alilotaka kuniita tulizungumze, kwa sababu vijana wake huko chini nao wana malalamiko.

"Kelele?" nikauliza.

"Mwalimu," akasema, "kelele tungezivumilia."

Tukanywa chai. Hatimaye akaweka kikombe chini.

"Hivi pale shuleni, si wewe ndiye unayepanga ratiba?"

Ni mimi. Tumekubaliana kwamba hawatalikaribia shimo langu zaidi ya pale walipofika mpaka leseni itoke na mtaalamu aje kupima, na kwa sasa ratiba imebandikwa mlangoni, kwa ndani. Alfajiri hadi saa mbili ni yetu. Saa mbili hadi saa sita ni yao. Wakienda kula ni yetu, na anayechelewa anagonga bomba mara mbili kwanza ili walio chini wasogee. Jumapili wanakwenda ibadani, kwa hiyo siku nzima iko huru. Mama mkwe ameisoma yote akiwa na miwani, na kupitia mke wangu ameomba aongezewe vipindi viwili mfululizo alasiri.