Shangazi, Subiri Kwanza Niunde Programa

Mtu akikuuliza, "Ninunue programa au niunde mwenyewe?" usihangaike kumjibu. Keshaamua kuunda zamani. Anachotafuta ni shahidi, ili mambo yakimwendea kombo awe na wa kumwambia, "Si ulikuwepo lakini?"

Shahidi wangu mimi alikuwa shangazi, na shangazi hakutaka ushahidi wowote, alitaka vifaranga. Ana banda la kuku Kimara, na ana sanduku la mbao alilochongewa na seremala wa mtaani la kutotolea mayai, lenye balbu na feni ndani. Kuwasha na kuzima ile balbu ilikuwa kazi yake mwenyewe, akichungulia kipimajoto, na usiku anaamka kama mwenye kichanga. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na hayajali nani kalala na nani kakesha. Nikamwambia, "Shangazi, hilo ni jambo dogo. Nitakuwekea maikrokontrola." Akauliza bei. Nikamwambia chipu yenyewe ni hela ya kula mchana tu, na sikumdanganya. Ila sikuulizwa bei ya vingine.

Kwa asiyejua, maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya kidude kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Niliyoichagua, ATmega8, ina miguu 28 na kumbukumbu ya kilobaiti 8, ambazo kwa kuwasha na kuzima balbu ni nyingi mno. Lakini inatoka kiwandani ikiwa tupu. Programu unaiandika kwenye laptop, kisha panahitajika kifaa cha katikati cha kuichukua na kuichoma ndani ya chipu. Hicho ndicho programa. Bila hicho una sanduku, una chipu na programu nzuri uliyoiandika mwenyewe, na shangazi bado anaamka saa nane za usiku.

Ninayoizungumzia inaitwa USBasp. Aliibuni Mjerumani Thomas Fischl, akauacha mchoro wake wazi, anayetaka ajiundie. Ukiutazama ule mchoro damu inachemka: ATmega8 moja, kristali ya megahezi 12, resista za kuhesabika, daiodi mbili za zena za volti 3.6, basi. Hivi kweli mtu mzima, mwenye pasi yake ya kulehemu, aende kununua kitu kama hicho? Swali hilo nilijiuliza nikiwa tayari ndani ya daladala ya Kariakoo.

"Kristali ya 12 imekwisha," muuzaji akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Chukua 16. Ni kubwa zaidi, na bei ni ileile."

Nikamweleza kwamba programu ya USBasp inahesabu muda kwa mapigo ya hiyo 12. Ukiipa 16 inaharakisha maneno, na kompyuta haiambulii kitu. Alinisikiliza kwa heshima zote. "Sasa bosi," akasema, "si utaipunguza?" Zena za 3.6 nazo hazikuwepo. Zilikuwepo za 5.1, ambazo kwa hesabu yake nazo zilikuwa kubwa zaidi, nikajiona mimi ndiye ninayeikataa bahati. Ilibidi nizunguke mtaa wa nyuma mpaka kwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya redio kwenye makopo ya maziwa. Alivitoa vyote bila kutafuta, akanitoza mara mbili, na sikuona sababu ya kubishana naye.

Nikarudi nikalehemu. Bodi ilitoka safi, nasema bila haya, mpaka mpwa wangu akaipiga picha. Kisha huyohuyo mpwa, yuko kidato cha tatu, akauliza, "Anko, hii ATmega8 ya kwenye programa, yenyewe si nayo ni tupu?"

"Ni tupu."

"Tutaichoma na nini?"

Na programa. Wengine hulumbana kwa starehe tu, kuku na yai nani alitangulia. Mimi nilikuwa na mayai ya kweli, tayari kwenye trei, yanangoja jibu.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa na dawa. Kompyuta ya mezani ilikuwa na tundu la printa lenye pini 25. Unachukua nyaya chache na resista zake, unaziunganisha moja kwa moja na chipu, na kompyuta yenyewe inakuwa programa. Waliokuwa wakitumia chipu za PIC walikuwa na yao ya kuchomeka kwenye tundu la siriali, JDM, iliyonyonya hata umeme wake humohumo tunduni. Laptop za siku hizi hazina tundu hata moja kati ya hayo. Ule waya wa kugeuza USB kuwa siriali upo kila kona, lakini kwa kazi hii ni kujisumbua: volti zake hazitoshi na kila pigo linachelewa. Jirani yangu mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi ana kompyuta ya zamani yenye tundu la printa, vumbi na yote. Nilipomweleza ninachotaka kuchomeka, aliuliza kama kuna uwezekano wa moshi. Nikasema ni mdogo. Neno "mdogo" halikumpendeza.

Basi nikanunua. Nakala za USBasp zimejaa, na bei yake haifiki ya jogoo. Inakuja ndani ya kifuko cha plastiki bila karatasi hata moja ya maelezo, pamoja na waya bapa wenye matundu 10 kichwani, wakati bodi niliyomtengenezea shangazi ina pini 6. Nikalehemu kiunganishi cha kuzikutanisha. (Wanaojivunia kununua hawakuambii sehemu hii.) Windows ikasema kifaa hicho haikijui. Hapo unatafuta programu iitwayo Zadig, inakiwekea draiva, na wanajuana. Nikaingiza amri ya kuchoma. Jibu: chipu haiitikii, kagua nyaya.

Nyaya zilikuwa sawa kabisa. Tatizo ni mwendo. ATmega8 mpya inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kutumia saa yake ya ndani ya megahezi 1, na programa haitakiwi kuisemesha kwa kasi inayofika robo ya hiyo, yaani kilohezi 250. USBasp kwa kawaida inaanza na 375. Kwa hiyo chipu si mbovu wala programa si mbovu, ni mmoja anaongea haraka na mwingine ndiyo kwanza ameamka. Dawa ni kuiambia programa ipunguze mwendo. Mchoro wa Fischl una jampa kwa kazi hiyo, ila walioitoa nakala yangu waliona haina maana, wakaiacha. Nikaipa amri kwa kompyuta. Ikajibu kwa adabu kwamba haiwezi kubadili mwendo, na ikaomba nisasishe programu iliyo ndani yake.

Na programu ya ndani ya programa inasasishwaje? Unaziba jampa fulani kwenye bodi, halafu unaunganisha programa nyingine.

Nilikuwa na programa mbili sasa, moja ya kuunda na moja ya kununua, na zote mbili zinangoja programa.

Aliyetuokoa ni mpwa, aliyekuja na Arduino Uno ya klabu yao ya shuleni. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikikusudiwa wanafunzi, na uzuri wake ni kwamba chipu zake zinakuja zimekwisha kuchomwa: suala la kuku na yai walilimaliza wao hukohuko. Ndani ya mifano inayokuja nayo kuna programu iitwayo ArduinoISP. Ukiipakia, Uno inageuka kuwa programa, tena yenye mwendo wa taratibu ambao chipu iliyotoka usingizini inaumudu. Unaweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya tundu la kuwasha upya na la graundi, ili bodi isijizime na kujiwasha kila laptop inapoigusa. Kapasita tuliing'oa kwenye redio iliyokufa.

Tukaichoma programa yangu. Kompyuta ikaitambua mara moja, nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakastuka. Tukaisasisha na ile ya dukani. Ndipo mpwa akauliza, "Anko, kama Uno inachoma chipu yoyote ya aina hii, kwa nini tusingeichoma ya shangazi tangu mwanzo, tukaachana na hizi mbili?"

Nikamtuma akalete maji ya kunywa.

Tulipofika Kimara na chipu yetu iliyochomwa, shangazi alitukaribisha vizuri, akauliza habari za nyumbani, akatuonyesha sanduku. Juu yake palikuwa na bodi ndogo yenye tarakimu nyekundu: 37.5. Ni W1209, kidhibiti joto ambacho alikinunua kwa muuza vyakula vya kuku, na fundi umeme wa mtaani akamfungia siku hiyohiyo. Mayai yalikuwa yameshavuka siku ya 18, ile ambayo hutakiwi tena kuyageuza. Mengine yalikuwa yanalia ndani ya ganda.

Nikainama kuitazama kwa karibu. Ndani ya W1209 kuna chipu ya STM8, na hiyo unaweza kuichoma upya ukaiwekea programu yako, pengine hata ikahesabu siku na kumkumbusha shangazi maji ya unyevu. Shida ni kwamba STM8 haiongei na USBasp wala na ArduinoISP. Inataka programa yake, ST-Link. Nakala zake zinauzwa, lakini nimesikia ipo njia ya kuiunda mwenyewe kwa bodi ya bei nafuu...

"Mwanangu," shangazi akasema nyuma yangu, "karibu chai. Lakini kwanza hiyo bisibisi mpe mtoto."