Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji aliyepita Mtera

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,



Nakuandikia kwa heshima na taadhima, nikijua kwamba muda wako ni mali na wangu si chochote. Mimi ni karani mstaafu, nauza perege na kambale wa kukaanga hapa Mtera, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa. Juzi msafara wako ulisimama hapa, wewe na wakuu wa idara zako mkitokea kwenye semina ya uongozi. Ukawaambia kwamba kampuni ingekuwa mbali sana kama si uzembe wa watu wa chini. Sikukusudia kusikiliza. Ni kwamba Mheshimiwa umejaaliwa sauti, hata abiria wa basi la Iringa waligeuza shingo.

Kwa kuwa mlipiga picha mkiwa mmeligeuzia mgongo Bwawa la Mtera, niwie radhi nikikueleza habari za kile kilichokuwa nyuma yenu.

Bwawa hili lilikamilika mwaka 1980. Kazi yake ilikuwa kutunza maji ya mito ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo wakati wa kifuku, ili kiangazi yafunguliwe kidogo kidogo yakaendeshe mitambo ya Kidatu, megawati 204, huko chini. Mtera yenyewe ilipata mitambo yake, megawati 80, mwaka 1988. Kwa miaka minane basi haikuzalisha hata uniti moja ya umeme. Ilikaa tu, ikatunza, na sifa zikaenda Kidatu. Ningependa sana kujua, Mheshimiwa, kama bwawa hili lingekuwa idara kwenye kampuni yako, lingevuka mwaka wa fedha wa ngapi kabla ya kuitwa mzigo. Dereva wako, kijana mwenye adabu, aliniambia mmefuta kitengo cha matengenezo kwa sababu hakiingizi fedha. (Tafadhali usimwulize, mimi ndiye niliyemdadisi.) Bila shaka mlikuwa na sababu ambazo akili ya muuza samaki haiwezi kuzifikia.

Sasa nije kwenye uzembe wa watu wa chini. Hapa Mtera maji hushuka na mto, lakini lawama huupanda. Nchi ilipoingia kwenye mgawo wa umeme miaka ya mwanzo ya 1990, na kila ukame uliofuata, vidole vilielekezwa bonde la Usangu, huko juu ya mto: wakulima wa mpunga wanameza maji, ng'ombe wanakanyaga kinamasi cha Ihefu. Mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mjini London kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Kuanzia 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakahamishiwa Lindi, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Nisiwatetee wakulima kupita kiasi. Tangu 1993 mto umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na mashamba ya Usangu yana mkono wake hapo. Lakini watafiti walipokaa na hesabu za maji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliona kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya kifuku. Yale maji ya kiangazi yanayogombaniwa Usangu ni kidogo mno kulijaza bwawa kama hili. Wakaona pia kasoro kwenye uendeshaji wa mabwawa yenyewe, kwamba maji mengi yalifunguliwa kuliko ilivyohitajika. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa, sehemu ya upungufu ilikuwa kwenye meza ya aliyeamuru milango ifunguliwe. Meza hiyo hakuna aliyeihamishia Lindi.

Kuna mtu mwingine ambaye hukubahatika kumwona, nawe ulikuwa na haraka. Ni msomaji wa kipimo cha maji. Bwawa likijaa, maji husimama mita 698.50 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka chini ya 690, mitambo haipaswi kuwashwa. Kati ya namba hizo mbili ndimo yanamoishi maamuzi yote ya wakubwa, na wote wanamtegemea mtu mmoja mwenye daftari aandike alichokiona. Oktoba 2015 maji yalishuka mpaka mitambo ya Mtera ikazimwa. Kipimo hakina cheo cha kumwogopa mtu. Anayekisoma ana mshahara na watoto, na hapo ndipo nina wasiwasi na kampuni yako, maana nilimsikia mmoja wa wakuu wako akianza kusema kwamba mauzo ya robo hii yameshuka, ukamkatiza kwamba hupendi watu wakatisha tamaa. Akamalizia kwa kusifu samaki wangu.

Naomba pia nikukumbushe jambo la shirika la umeme, TANESCO. Mwaka 2002 serikali iliikabidhi menejimenti yake kwa NETGroup Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya wakaingia makao makuu wakisindikizwa na polisi wenye silaha. Haki yao niwape: walikusanya fedha kuliko waliowatangulia, na walikata umeme hata kwa taasisi za serikali zilizozoea kutolipa. Mkataba ukaachwa uishe 2006, mwaka wa ukame na giza. Sisemi polisi ndio walioleta ukame. Nauliza tu, kwa unyenyekevu: bosi aliyeingia ofisini kwa mtutu wa bunduki, ni mfanyakazi gani atampelekea namba mbaya mapema, kabla haijawa janga?

Wewe hukuingia na polisi, Mheshimiwa. Una sauti.

Ombi langu ni dogo, na ukiliona la kipuuzi nitaelewa. Jumatatu, kabla ya kikao cha menejimenti, mwite mtu wa chini kabisa anayeandika namba kwenye kampuni yako, awe mtunza stoo au anayepima mafuta ya magari. Muulize ni namba gani aliyoambiwa airekebishe mwezi uliopita. Akinyamaza, usimkaripie. Akiitaja, ifanyie kazi, ila jina lake meneja wake asilijue.

Wako mtiifu,
Muuza samaki, Mtera